Nini hasa kiliharibika?

Mkutano wetu wa watengeneza programu ulikuwa wa watu 63, ukumbi mmoja, siku moja, mada tisa. Tangu siku ile nimeulizwa mara kadhaa kwa nini hatukutafuta ukumbi mkubwa zaidi, maana waliotaka kuja walizidi viti. Jibu langu halijabadilika: tulitaka mkutano ambao mtu wa mstari wa mwisho akinyoosha mkono, msemaji anauona uso wake.

Miaka michache kabla ya hapo nilihudhuria mkutano mkubwa wa watengeneza programu, wa siku tatu, kumbi tano zikiendesha mada kwa wakati mmoja. Nilijiandaa sana. Nilichapisha ratiba nikazungushia kalamu mada nilizozitaka, na kwa siku zote tatu nikawa natoka ukumbi huu naingia ule kwa mwendo wa haraka, nisipitwe na dakika za mwanzo. Nilirudi nyumbani na daftari lililojaa, lakini sikuwa nimejua jina la mtu hata mmoja. Baada ya muda video za mada zilezile zikawekwa kwenye intaneti, bure kwa kila mtu. Nilipoziona niliumia. Kama mada ningeweza kuzitazama nyumbani, tena nikisimamisha na kurudia pale nisipoelewa, basi kule nilikwenda kutafuta kitu kingine, na kitu hicho nilikikimbia mwenyewe kila kengele ya mapumziko ilipolia.

Mikutano midogo ina historia ndefu katika kazi yetu. Oktoba 1968, kamati ya sayansi ya NATO iliwakusanya watu wapatao 50 huko Garmisch, Ujerumani, kuzungumzia mradi baada ya mradi wa programu uliokuwa ukichelewa, ukizidi bajeti na kuharibika mikononi mwa watumiaji. Mkutano ule uliitwa wa "uhandisi wa programu", jina lililochaguliwa makusudi kuwachokoza waliohudhuria, kwa sababu wakati huo uhandisi huo wenyewe haukuwapo. Edsger Dijkstra, mwanasayansi mashuhuri wa kompyuta, alikuwepo. Doug McIlroy alipeleka hoja kwamba programu zijengwe kwa vipande vilivyokwisha kutengenezwa, kama fundi anavyochagua skrubu dukani badala ya kuchonga yake kila siku. Leo kila anayeita maktaba ya mtu mwingine, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, katika msimbo wake anaishi ndani ya hoja ile. Ripoti yao ilihaririwa na Peter Naur na Brian Randell. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba sehemu kubwa haikuandikwa kama hotuba. Ni watu wakijibizana: huyu anasema hili, yule anampinga, wa tatu anauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu. Nilimpelekea kila mwandaaji mwenzangu ripoti hiyo kabla ya kikao chetu cha kwanza. Nilitaka tuone kwamba majibizano ndiyo mkutano wenyewe.

Waandaaji tulikuwa watatu. Mmoja alishika fedha na ukumbi, mmoja wahudhuriaji, mimi nikashika mada na mitambo. Wito wa mada tuliuacha wazi wiki sita. Zikaja 41.

Tulizisoma majina yakiwa yamefichwa, kila mmoja peke yake kwanza, halafu pamoja. Kuficha majina kulinilazimisha kusoma kilichoandikwa. Mada mbili nilizozipa alama za chini zilikuja kuonekana ni za watu ninaowaheshimu sana, na najua kabisa kwamba ningeyaona majina yao ningezipitisha bila kuzisoma hadi mwisho. Nyingi kati ya zile 41 zilianza na maneno "Utangulizi wa". Sina ugomvi na utangulizi. Lakini utangulizi wa karibu kila zana tunayotumia umeshaandikwa katika nyaraka zake, na anayeusoma anaweza kurudi ukurasa wa nyuma akipotea. Aliyekaa ukumbini hana ukurasa wa kurudi. Mimi nilitafuta jambo ambalo nyaraka haziwezi kulisema, kwa sababu limemtokea mtu mmoja, kazini kwake, siku fulani.

Mada iliyonishika mkono ilikuwa na mistari mitano tu. Kichwa chake: "Mbinu bora za kushughulikia tarehe katika programu." Mistari minne ilikuwa ya jumla. Wa tano ulisema: "Nitagusia pia tatizo tulilowahi kulipata Februari." Wenzangu walitaka kuiweka pembeni, na walikuwa na haki. Nikaomba siku mbili nimwandikie mwenye mada kupitia mfumo, bila kumjua. Nikamwandikia sentensi moja: Februari ile, nini hasa kiliharibika?

Jibu lake lilikuwa kurasa mbili. Alikuwa dada mwenye mwaka mmoja na nusu kazini, na kampuni yake ilikuwa ikitoza wateja ada ya kila mwezi. Mfumo ulichukua tarehe ya malipo ya mwisho, ukaongeza mwezi mmoja, basi. Kwa mteja aliyejiunga tarehe 15, kila kitu kilikwenda sawa, na majaribio yote ya mfumo yaliandikwa kwa tarehe 15. Lakini mteja aliyejiunga tarehe 31 Januari aliposogezwa mwezi mmoja, mfumo ulitafuta tarehe 31 Februari. JavaScript, lugha ya programu waliyoitumia, haikatai tarehe hiyo. Inahesabu siku zilizozidi na kuzisukuma mbele, na katika mwaka wa kawaida 31 Februari inakuwa 3 Machi. Mteja hakutozwa Februari kabisa, kisha tangu Machi akawa anatozwa tarehe 3 ya kila mwezi, siku ambayo hakuwahi kuichagua. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea popote. Waliogundua ni watu wa hesabu, wiki kadhaa baadaye, mapato ya Februari yalipopungua bila maelezo.

Nikamwomba dada huyo aache mambo mengine yote na azungumzie hilo tu. Akaandika kwamba ni jambo dogo mno, na kwamba anaogopa watu wazoefu wataona lilikuwa kosa la mtoto. Nilimwita kwa simu ya video jioni hiyohiyo. Nilimwambia, nikiwa namaanisha kila neno, kwamba hakuna mtu mzoefu ambaye tarehe hazijamwumiza, na kwamba usiku tatu alizokaa akifuatilia hesabu zile ni kitu ambacho katika watu 63 ni yeye peke yake aliyekuwa nacho. Akakubali. Tulifanya mazoezi mara tatu. Mara ya kwanza alimaliza dakika 25 zake kwa dakika 11, kwa mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Hatukuongeza slaidi hata moja. Nilimwomba tu asimame kimya kila anapoonyesha msimbo, ahesabu hadi kumi moyoni, awaache watu wasome.

Barua za kukataa nilizituma 32, na kila moja ilibeba sababu yake. Zilinichukua jioni tatu. Mtu aliyeandika mada amejianika. Ukimjibu kwamba mlipokea mada nyingi nzuri na mnasikitika, hujamwambia kitu. Wengi hawakujibu. Mmoja alirudisha mada yake ikiwa imepunguzwa hadi jambo moja, nikampa nafasi katika mada za dakika tano za jioni. Mtindo huo wa mada fupi ulianza kupewa jina mwaka 2000 katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya programu ya Perl, na hadi leo sijaona njia bora ya kumpandisha jukwaani mtu ambaye hajawahi kupanda. Dakika tano hazimtoshi mtu kuharibu siku ya wengine, lakini zinamtosha kuonyesha kitu kimoja alichokipenda.

Kuhusu tiketi nitasema kwa kifupi: weka kiingilio, hata kiwe kidogo namna gani, na utenge nafasi za bure kwa wasioweza. Usajili wa bure kabisa unajaa haraka, halafu siku yenyewe viti vinabaki vitupu huku wengine wamekataliwa nje.

Siku ya mkutano nilifika ukumbini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa na gundi pana ya kubandikia nyaya sakafuni, ekstensheni nane, na mfuko wa adapta za kila aina: USB-C kwenda HDMI, HDMI kwenda VGA, na ile ndogo ya kompyuta za zamani ambayo kila mara hakuna anayeikumbuka hadi msemaji ameshapanda jukwaani. Nilifungua msimbo wa kila msemaji kwenye projekta nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Kama sikuweza kusoma, maandishi yalikuzwa. Wote wanaopenda msimbo mweupe juu ya rangi nyeusi niliwaomba wageuze siku hiyo tu, kwa sababu projekta dhaifu katika chumba chenye mwanga huimeza rangi nyeusi na kuifanya kijivu, na mistari inapotea.

Saa nne na nusu intaneti ikakata, lakini kwa baadhi ya watu tu. Hilo ndilo lililonichanganya. Waliofika mapema walikuwa wakifanya kazi vizuri. Waliochelewa waliona alama ya waifai imejaa, wanaweka nenosiri, linakubaliwa, kisha hakuna kinachofunguka. Nilipiga magoti kando ya kiti cha kijana mmoja, akanipa laptopu yake, nikaangalia anwani ya IP aliyopewa, namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Ilianza na 169.254. Kwa wasiowahi kuikuta, hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani kwenye mtandao na kukosa wa kuijibu. Ruta, kifaa kinachogawa intaneti na anwani hizo, haikuwa imeharibika. Ilikuwa imeishiwa.

Nikaifungua mipangilio yake. DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani, iliruhusiwa kugawa anwani 100 tu, zinazoishia .100 hadi .199, na kila aliyepewa alikaa nayo saa 24. Sasa piga hesabu: watu 63, kila mmoja na laptopu na simu, hao ni 126 kabla hujahesabu saa za mkononi. Ongeza vifaa vya jana yake, wakati tulipokuja kujaribu mitambo, ambavyo bado vilishikiliwa anwani japo wenyewe walikuwa wamelala makwao. Nilipanua mgao uanze .10 hadi .250, nikapunguza muda wa kushika anwani uwe nusu saa, nikaiwasha ruta upya wakati msemaji akijibu maswali. Kazi yote ilichukua kama dakika sita. Aliyetuandalia mtandao alituhakikishia kwamba unabeba watu 200, na kwa mawimbi pengine ulikuwa unabeba. Lakini hakuna kati yetu aliyeuliza swali la anwani, na wa kuliuliza nilipaswa kuwa mimi. Sasa liko mstari wa kwanza katika orodha yangu: una anwani ngapi, na kila moja inashikwa kwa muda gani?

Kwa bahati nzuri warsha ya mchana haikutegemea mtandao wa nje. Watu 40 wakianza kupakua maktaba zilezile kwa dakika moja, mtandao wowote wa ukumbi unalala. Kwa hiyo jana yake nilikuwa nimeshusha kila kinachohitajika kwenye laptopu moja ya akiba, nikaiweka kwenye waifai ileile na kuandika `python -m http.server`. Amri hiyo moja inaligeuza folda kuwa seva kwenye mlango wa mtandao (port) namba 8000. Washiriki walipakua kutoka mezani kwetu, na waliokwama walipewa flashi.

Dada wa tarehe alipanda saa tano na robo. Alisimama kimya pale pa kusimama; nilikuwa nikihesabu naye kutoka nyuma. Alipoonyesha mstari ule wa msimbo, ule unaoongeza mwezi mmoja, ukumbi ulinyamaza na watu wakaanza kuusoma. Kisha akaonyesha matokeo: 3 Machi. Nikamwona mtu mzima mmoja mstari wa tatu akifungua laptopu yake taratibu. Sikumwona akifunga hadi mapumziko.

Maswali yalipangiwa dakika tano yakala dakika 20, nami sikuyakata. Wa kwanza alisema lugha ya Python ingekataa: ukiichukua 31 Januari na kuibadilisha mwezi uwe wa pili, inatupa kosa la ValueError na kusimama. Mwingine akasema katika Java, amri ya kuongeza miezi, `plusMonths` ya `LocalDate`, inarudi nyuma hadi siku ya mwisho iliyopo, yaani 28 Februari. Lugha tatu, majibu matatu, na kila moja lina sababu zake. Hapo akanyanyuka mama mmoja aliyekuwa hajasema lolote tangu asubuhi, akauliza: kama Februari ni tarehe 28, je, Machi mteja atozwe 28 au arudi 31? Ukumbi ukagawanyika. Dada jukwaani alikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa ameshalipitia kwa machungu: usihesabu kutoka malipo ya mwisho, hesabu kutoka siku ya kujiunga. Itunze tarehe ile ya kwanza, kisha uulize mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu baada yake ni lini, na siku isiyokuwepo irudishwe kwenye siku ya mwisho ya mwezi huo tu. Hapo 31 inakwenda 28 Februari na kurudi 31 Machi, na kosa la mwezi mmoja halirithiwi na mwezi unaofuata.

Hayo yote hayakuwa kwenye slaidi zake. Yalitoka kwa sababu mama yule aliweza kuuliza bila kupanga foleni mbele ya kipaza sauti.

Mapumziko yetu yalikuwa ya dakika 40, mara tatu. Nilibishana sana kuyapata, maana katika nafasi hiyo tungeweza kuingiza mada mbili zaidi. Asubuhi tuliwaeleza wahudhuriaji kanuni ya Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa Write the Docs, jumuiya ya waandishi wa nyaraka za programu: mnaposimama kikundi mkiongea, acheni nafasi ya mtu mmoja zaidi, duara lenu liwe kama Pac-Man, yule wa mchezo wa kompyuta, aliyefungua mdomo. Akija mtu akaijaza, sogeeni mfungue nyingine. Ni jambo la kimwili kabisa, hatua moja ya mguu, lakini nilijua uzito wake. Katika mkutano ule mkubwa nilisimama nje ya duara nyingi nikishika simu nisiyoisoma. Saa sita mchana nilipita nikaona yule mtu mzima wa mstari wa tatu akiwa na dada wa tarehe na wengine wanne, laptopu yake imewekwa juu ya ubao wa dirisha. Alikuwa amelikuta kosa lilelile katika mfumo wake, mahali pawili. Duara lao lilikuwa wazi upande wa mlangoni, nami nikaingia.

Tulikuwa na kanuni za mwenendo, zilizosomwa kwa sauti asubuhi, na waandaaji wawili wenye jukumu la kupokea malalamiko. Kamba za vitambulisho zilikuwa za rangi mbili, nyekundu kwa asiyetaka kupigwa picha. Mchana mhudhuriaji mmoja aliyevaa nyekundu alitufuata: amepigwa picha, na imeshawekwa mtandaoni. Mwenzangu alimwendea mpigaji pembeni, wakaifuta pamoja, akamrudia mlalamikaji kumweleza kilichofanyika. Ilikwisha ndani ya robo saa. Wanaosema mkutano mdogo wa watu wanaojuana hauhitaji kanuni zilizoandikwa wananisikitisha. Asiyemjua mtu ndiye anayezihitaji, na ndiye tuliyemwalika.

Miezi miwili baadaye nilihudhuria mkutano wa watu wengine, mdogo kama wetu, kama mgeni tu. Sikushika ekstensheni wala ruta. Nilichagua kutokuingia mada moja kabisa, nikakaa nje na mtu aliyekuwa akijaribu kuelewa kwa nini hifadhidata yake inajifunga kila anapoongeza safu mpya kwenye jedwali kubwa. Hatukulimaliza. Tumeandikiana tangu siku hiyo, na wiki iliyopita alinitumia sababu: kulikuwa na ripoti moja ndefu iliyoachwa wazi, jedwali likaisubiri, na maombi mengine yote yakapanga foleni nyuma yake.

Wito wa mada wa mkutano wetu wa pili umefunguliwa juzi. Ukumbi ni uleule, viti ni vilevile 63. Ya kwanza kuingia ina mistari minne, kichwa chake ni "Umuhimu wa kuhifadhi nakala rudufu", na mstari wa mwisho unataja, kwa kupita, seva iliyorudishwa ikakutwa na data ya miezi minne nyuma. Nimeshamwandikia.